Mahali pa Besi

Ukuta wa nyuma wa studio yangu ni jiwe.
Fundi alijenga kuta tatu, akafika kwenye mwamba, akasema, basi,
wa nne Mungu alishajenga.
Hapa Mabatini hatubishani na mawe.

Spika kumi na moja:
saba zimenizunguka usawa wa masikio,
nne zinaning'inia darini kama popo.

Kanda zilikuja ndani ya gunia la pamba,
zimegandamana kama tambi zilizolala.
Nilizioka. Ndiyo, nilizioka,
saa nane, moto wa kusinzia,
katika oveni ya Nyanzobe muuza mikate,
na kesho yake wateja wakauliza
mbona skonzi zinanukia siki.

Vijana wanne wa mwaka sabini na tatu,
nywele vichaka, suruali zinazofagia njia,
walipiga roki ndani ya ghala kule Igogo,
kila mmoja na maikrofoni yake ya kuazima,
kila mmoja na njia yake kwenye kanda.
Lakini sahani ilipotoka walikuwa wamebanana
kama watu wanne chini ya mwavuli mmoja:
sauti juu ya gitaa, gitaa juu ya ngoma,
na besi chini kabisa, imekaliwa.

Kazi yangu ni kuwatawanya.
Kumwambia kila mmoja: simama hapa, vuta pumzi.
Miezi mitano.
Luhende mwimbaji nikamweka mbele.
Gitaa la Bugumba likakwaruza kutoka kushoto,
likapanda dari, likashuka.
Ngoma za Sayi nikazianika
toka ukuta hadi ukuta, kama dagaa.
Na ule upepo wa ziwa uliokuwa ukikwangua mabati
nyuma ya kila wimbo, nikauinua juu, ukae kwenye paa lake.
Besi ya Shigela nikaiweka mbele kulia,
mahali pa heshima.

Jumamosi akaja mjane wake, Bi Milembe,
na kikapu, na miwani iliyofungwa uzi.
Akakalia kiti changu cha magurudumu
huku ameshika meza, kisije kikaondoka naye.
Wimbo wa kwanza. Wa pili.
Katikati ya wa tatu akainua mkono.

"Hakusimama hapo."

Nikapunguza sauti.

"Shigela alikaa nyuma, mlangoni.
Saa nne usiku alikuwa na zamu kiwandani,
lazima atoke bila kujikwaa kwenye waya wa mtu.
Halafu huyu Luhende, mbona umempa mbele yote?
Ana gunia langu la mpunga tangu mwaka ule.
Msogeze."

Nikamsogeza. Kidogo.

Besi nikaikokota kwa kidole, polepole,
ikapita bega lake, ikapita kisogo,
hadi spika ile iliyoegemea jiwe.

Sijui nieleze vipi.
Jiwe liliipokea. Zile noti nene
ziligonga mwamba zikarudi na uzito
ambao mashine yangu haina kitufe chake.
Bi Milembe hakulia, msimtarajie.
Aligeuza shingo tu, upesi,
kama mtu aliyesikia komeo.

Kwenye wimbo wa nne kuna mahali
besi inanyamaza kabla ya wenzake.
Nilidhani ni kosa. Nilichukua noti za mwanzo,
nikazishona pale, nikapiga pasi,
usingeona mshono.

"Mbona anaendelea kupiga?" akauliza.
"Hapa si honi ya kiwanda ilishalia?"

Nikafumua viraka vyangu.
Na chini yake, kwenye njia yake peke yake,
kutoka spika moja tu, nyuma yetu:
waya unachomolewa,
kikohozi,
viatu,
mlango wa bati.

Wale watatu wakaendelea kupiga mbele yetu
bila kugeuka.

Tulikaa hadi upepo ukaisha, na kanda nayo.
Bi Milembe akaokota kikapu chake,
akasimama, akapapasa jiwe kidogo kama anayepima joto la mtoto.

"Luhende bado yuko karibu," akasema.